Nitazameni Mkiwa Wengi

Katika saluni ya Lugano, katikati ya mji wa Lusungo, wanawake watatu walikuwa karibu kugombana kwa sababu ya meno ya mgombea.

"Ana mwanya," alisema wa kwanza, ambaye kichwa chake kilikuwa kimesukwa nusu. "Mwanya mzuri kabisa, hapa mbele."

"Mwanya wapi? Mimi namtazama kila asubuhi nikinywa chai. Meno yake yamebanana kama punje za mahindi."

"Nyie wote hamna macho," alisema wa tatu, akipaza sauti ili ipite kelele ya mashine ya kukaushia nywele. "Ana jino moja la pembeni limempanda mwenzake. Kama dada yangu mkubwa. Ndiyo maana nampenda."

Tusekile Mwambungu, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake, aliinamisha uso wasimwone anavyocheka. Angeweza kuwaamua. Yeye ndiye aliyesimamia video zote za kampeni ya Daktari Tupokigwe Mwaisaka, mgombea umeya wa Lusungo, na meno ya daktari aliyajua kama ya kwake. Hayakuwa na mwanya, hayakubanana, na hakuna lililompanda mwenzake. Yalikuwa meno ya kawaida ya mtu anayepiga mswaki. Lakini wanawake wale nao hawakusema uongo. Kila mmoja alikuwa ameona alichoonyeshwa.

Siasa ilikuwa imefika hapo miaka ile. Mabango yalikwisha, magari ya vipaza sauti yalikwisha, mikutano ya uwanjani ilibaki kwenye simulizi za wazazi. Mgombea alikaa siku moja katika chumba chenye kamera pande zote, akacheka, akanuna, akatamka maneno aliyopewa, na kampuni ikamtengenezea pacha. Pacha hakuwa video iliyorekodiwa na kuwekwa. Alizaliwa upya kila alipofunguliwa, iwe kwenye simu, kwenye kioo cha ukutani au kwenye mlango wa friji. Wakati wewe unamtazama, jicho la kioo nalo lilikuwa linakutazama, na kabla hujapepesa kope pacha alikwisha kujua aanze na bei ya parachichi au na habari za hospitali, aongee Kiswahili cha darasani au cha sokoni, acheke sana au atabasamu tu. Mafundi waliliita jambo hilo ukaribu. Lilikuwa na kipimo chake, cha kupandisha na kushusha, kama sauti ya redio.

Tusekile alijivunia kazi hiyo. Daktari Tupokigwe halisi alikuwa daktari wa mifugo, mcheshi zizini kuliko mtu yeyote, lakini ukimwelekezea kamera alikauka kama picha ya kitambulisho. Pacha wake hakukauka. Pacha alipendwa. Kura za maoni zilionyesha kwamba daktari anaongoza, na uchaguzi ulikuwa umekaribia.

"Wewe dada, si unafanya naye kazi?" Lugano alimgeukia, kitana mkononi. "Tuambie. Ana mwanya, hana mwanya?"

"Ana meno," Tusekile akajibu, na saluni nzima ikaangua kicheko.

* * *

Jumapili alikwenda kula kwa mama yake. Mama Kissa alikuwa amestaafu kiwanda cha chai, alikokuwa mwonjaji kwa miaka mingi, na mpaka leo hakuweza kunywa chai ya mtu bila kuizungusha kwanza mdomoni na kuitolea hukumu. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Tangu hapo nyumba ilikuwa imepoa, na Tusekile alizoea kuikuta kimya.

Siku hiyo aliisikia tangu getini. Mama yake alikuwa akicheka, tena kwa sauti, mpaka kikohozi.

Alimkuta jikoni, ndizi zinachemka, kioo cha ukutani kimewaka. Pacha wa daktari alikuwa akieleza mpango wake: mvuke wa moto unaotoka chini ya mlima uchimbwe, upelekwe hospitalini na kwenye kiwanda cha maziwa, badala ya kukodishwa kwa mwenye hoteli kama alivyotaka mpinzani wake, Bwana Lwitiko Mwasomola. Maneno hayo Tusekile aliyaandika yeye. Aliyajua mpaka nukta.

"Njoo, njoo ukae," mama yake akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nakuambia huyu mwanamke ataniua."

Tusekile akakaa. Jicho la kioo likawaona wote wawili. Pacha akasita kidogo, akawatazama, kisha akacheka.

Hakucheka kama daktari. Kwanza alibana pumzi. Mabega yakatetemeka bila sauti, muda mrefu, mpaka ukaanza kuogopa kwamba mtu huyu hatapumua tena. Halafu ikatoka sauti nyembamba puani, kama birika linaloanza kuchemka, na nyuma yake kicheko chenyewe kikamwagika.

Tusekile alishika ukingo wa meza. Baba yake ndiye aliyecheka hivyo. Katika dunia nzima hakuwahi kumsikia mwingine.

"Unaona?" Mama Kissa alisema, uso umechangamka kama wa msichana. "Nikimsikiliza huyu, nyumba inajaa. Kura yangu anayo. Wakiniruhusu nampigia mara mbili."

"Kwa ajili ya mvuke, mama?"

"Mvuke gani?"

Mlango ukagongwa. Aliingia jirani yao, Mama Ipyana, na parachichi kwenye ungo, akavutwa kiti akakaa. Jicho la kioo likawaona watatu. Na hapo hapo, mbele ya macho ya Tusekile, kicheko kikabadilika. Birika likawa dogo. Mabega yakatulia. Kikaingia kitu kingine, namna ya kuinamisha shingo upande, na Mama Ipyana akaguna, "Mh! Kama marehemu kaka yangu." Mama Kissa akanyoosha mkono taratibu, akazima kioo, akasema ndizi zimeiva.

Tusekile alikula bila kuonja. Alijua pacha hujirekebisha. Hakujua anachota wapi. Mtambo wenyewe ulifungwa huko kwenye kampuni. Yeye alipewa kipimo tu na maelezo kwamba ukaribu "hutumia picha na video ambazo mtazamaji ameruhusu, kioo chochote kikimtambua uso". Nani aliwahi kusoma anachoruhusu? Mama yake alikuwa na harusi, ubatizo na sikukuu za familia nzima ndani ya simu moja. Mtambo ulikuwa umepita humo ndani, ukamtafuta mtu aliyependwa kuliko wote, ukachukua kicheko chake.

* * *

Alimkuta Daktari Tupokigwe kwenye zizi la mfugaji mmoja nje ya mji, mkono wake mzima ukiwa ndani ya ng'ombe.

"Subiri, mdogo wangu," daktari alisema bila kugeuka. "Huyu bibi ana mimba au ananidanganya. Ehe. Ana mimba. Hongera, mama." Alimpiga ng'ombe kofi la upole mgongoni, akavua glovu ndefu, akaenda bombani kunawa. "Sasa. Mbona umenuna hivyo?"

"Daktari, umewahi kumtazama pacha wako?"

"Hata siku moja. Picha yangu ya pasipoti tu naiogopa."

Tusekile akampa simu. Daktari akaishika mbali, kama mtu anayeshika dawa kali, akaanza kutazama. Tabasamu lilimjia. Kisha tabasamu likabaki pale pale huku macho yakibadilika.

Pacha alikuwa akifumba jicho moja kila alipomaliza sentensi.

"Mama yangu alikuwa anafanya hivi," daktari alisema polepole. "Akikutania. Akishasema, anafumba jicho hili, la kushoto." Alitazama tena mpaka mwisho. "Huyu mwanamke ningempigia kura mimi mwenyewe."

"Ndiyo shida yenyewe, daktari."

Akamweleza yote: jikoni kwa mama yake, jirani, wanawake wa saluni. Daktari alisikiliza akiendelea kukausha mikono kwa taulo ambayo ilikwisha kulowa.

"Na hivi ni kila nyumba?"

"Kila nyumba. Na kwa Lwitiko pia. Kampuni ni hiyo hiyo."

"Mama yako amejisikiaje?"

Tusekile hakutegemea swali hilo. "Amefurahi," akasema. "Sijamwona na furaha hivyo tangu msiba. Hilo ndilo linalonisumbua. Ningekuta analia ingekuwa rahisi."

Daktari alitundika taulo kwenye ukuta wa zizi. Ng'ombe mjamzito aliinyemelea, akaanza kuitafuna.

"Turudi ofisini," daktari akasema. "Acha taulo. Amechagua mwenyewe, huyu, na amejua anachokula."

* * *

Meneja wa kampeni, Ambakisye Mwandenga, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu, mnene, mwenye kupenda mashati ya maua na kuwaagizia wenzake chakula bila kuwauliza. Alisikiliza akiwa anamenya chungwa.

"Kipimo hakishuki," alisema. "Mkataba. Ukaribu umefungwa mpaka siku ya kura. Tunachoweza ni kumwondoa pacha kabisa, na tukimwondoa, wiki ya mwisho majumbani atakuwa anaongea Lwitiko peke yake."

"Basi tumwondoe," alisema daktari.

"Daktari, sikiliza." Ambakisye aliweka chungwa chini. "Wodi ya wazazi haina maji ya moto, na mlima unatoa mvuke bure hapo nyuma. Ukishinda, watoto watazaliwa kwenye joto. Ukishindwa, mvuke huo utapasha bwawa la kuogelea la wageni. Sasa niambie: mama mmoja kufurahia kicheko cha mumewe, na wodi ya wazazi, kipi kizito? Zamani wagombea walipigwa picha upande mzuri wa uso tu. Walibeba watoto wasiowajua, wakala ugali mbele ya kamera. Kila picha ya kampeni huwa inadanganya kidogo. Sisi tumekuta mchezo unachezwa hivi."

Tusekile alikuwa ametafuta jibu la swali hilo njia nzima na hakulipata. Wodi ilikuwa kweli. Aliwahi kulazwa humo dada yake, akazalia kwenye baridi inayotoa moshi mdomoni.

"Nikishinda hivi," daktari alisema hatimaye, "siku ya kwanza nikisema hapana kwa mtu, atashangaa. Atasema mbona kaka yangu amenikatalia? Mimi si kaka yake. Nitaendeshaje mji wa watu wasionijua?"

"Utauendesha ukiwa meya," Ambakisye akasema kwa upole. "Ukiwa si meya hutauendesha kabisa."

Mvua ilianza kupiga bati. Na katika mvua hiyo Tusekile akakumbuka ungo wa parachichi, kiti kilichovutwa, birika lililokuwa dogo.

"Kaka Ambakisye," akasema, "mkataba unasema lolote kuhusu idadi ya watazamaji?"

"Unasema wawe wengi iwezekanavyo."

"Wakiwa wengi kwenye kioo kimoja?"

Ambakisye akaacha kutafuna.

"Pacha alipotuona mimi na mama, alichukua tunachoshiriki: baba," Tusekile alieleza, akisimama bila kujijua. "Alipoingia Mama Ipyana, baba alipungua, kwa sababu si wake. Mtambo unatafuta uso unaopendwa na wote waliopo. Wakiwa watatu unahangaika. Wakiwa mia tano hakuna uso kama huo. Hautakuwa na pa kushika. Utabaki na kitu kimoja tu ambacho ni cha wote."

"Kipi?" Ambakisye akauliza.

Tusekile akamnyooshea kidole daktari. Daktari akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine, na hapo Ambakisye mwenyewe akashindwa kujizuia, akacheka mpaka chungwa likampalia.

* * *

Walimrekodi daktari asubuhi iliyofuata, sentensi tatu tu, na alizikosea mara nyingi kiasi kwamba mpiga picha alikwenda kunywa chai akarudi. Mwishowe alizitamka: "Jumamosi njooni uwanja wa mpira. Msinitazame peke yenu. Nitazameni mkiwa wengi." Pacha akazipeleka kila nyumba, kwa kila kicheko na kila jino ambalo kila nyumba ilipenda.

Uwanja wa mpira ulikuwa na kioo kikubwa cha zamani, kirefu kama nyumba ya ghorofa, ambacho kilikuwa hakijawashwa kwa muda mrefu kwa sababu siku hizi hata mechi kila mtu aliitazama kwenye simu yake, kutoka kamera aliyoipenda. Tusekile na mafundi wawili walikifuta vumbi, wakatoa viota vya ndege, wakakifungia jicho jipya. Jumamosi kulikucha bila mvua. Ukungu ulikuwa umejikusanya juu ya mlima na kuliacha bonde lote wazi, kijani kibichi mpaka macho yanauma.

Wakati mafundi wanakijaribu, mtu wa kwanza aliingia: Mama Kissa, kwa kanga mpya na kiti chake cha kukunja. Alikiweka katikati ya uwanja, akakaa. Jicho la kioo likamwona, yeye peke yake.

Pacha akawaka, mkubwa kuliko mnazi. Mabega yakaanza kutetemeka. Halafu birika lile likalia juu ya uwanja mzima, na kicheko cha marehemu Mwambungu kikamwagika kutoka spika zote, kikagonga mlima, kikarudi.

"Zimeni!" Tusekile alipiga kelele akikimbia. "Zimeni haraka!"

"Acha," alisema mama yake.

Tusekile alichuchumaa mbele ya kiti. "Mama, nisamehe. Nilitaka kukuambia. Huyo si daktari. Mtambo umechukua kwenye video zako, umechukua kicheko cha baba..."

"Wewe nawe. Nimelala na kicheko hicho ubavuni maisha yangu yote, nishindwe kukijua? Nilijua siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngemzima." Mama Kissa hakuondoa macho kwenye kioo. Alikuwa akitabasamu, na machozi yalikuwa yakimshuka bila yeye kuyajali. "Watu wakija kukaa hapa, atakwenda, siyo? Kama siku ile ya Mama Ipyana."

"Atakwenda, mama."

Getini watu walikuwa wamesimama kundi zima, wamebeba mikeka, vikapu na watoto, wakiona haya kuingia, kwa sababu walimwona mjane analia mbele ya kioo. Mama Kissa akawaona. Akamtazama mumewe mara moja zaidi, kuanzia mabega mpaka sauti ya mwisho. Kisha akageuka kwenye kiti, akapunga kanga juu.

"Mbona mmesimama kama wageni?" akaita. "Sogeeni! Njooni mkae, nafasi ni tele! Mama Ipyana, lete mkeka wako hapa."

Wakaingia. Kwanza kumi, halafu makumi, halafu watu wakawa wanamiminika na sufuria za makande na mahindi ya kuchoma. Kadiri walivyozidi kukaa, sura juu ya kioo ikabadilika. Kicheko cha Mwambungu kikawa kikohozi, kikawa pumzi, kikaisha, na Mama Kissa akashika mkono wa binti yake kwa nguvu kisha akauachia.

"Kicheko nitakitazama kwenye video zake mwenyewe," akasema. "Huko hakiniombi kura."

Juu ya kioo nyuso zilikuwa zinapita kama mawingu, na uwanja ukaanza kuelewa.

"Jicho la babu! Nimeona jicho la babu!"

"Huyo shangazi yangu! Hapana, ameondoka!"

"Mwanya, si niliwaambia ana mwanya? Ah, umekwisha!" Huyo alikuwa mwanamke wa saluni, na wenzake wawili walimkumbatia kwa kicheko. Watu walisimama, wakawanyooshea kidole wapendwa wao wakipita, wakawaita majina, wakawapungia. Hakuna aliyekuwa amepanga, lakini kwa muda ule uwanja ulikuwa kama kituo ambapo mji mzima unasindikiza watu wake, na mtu akiona mzazi wa jirani anapita alimpigia makofi kama wa kwake. Halafu nyuso zikapungua mwendo. Mtambo ulitafuta, ukatafuta, ukakosa. Ukatulia juu ya uso mmoja, mpana, mkavu, wenye macho yaliyokodolewa kama ya mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Chini ya kioo, kwenye nyasi, alisimama mwenye uso huo, kwenye buti za zizini, akikodoa macho vile vile.

Halafu mzee mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Kumbe ndiye wewe!"

Uwanja ulilipuka. Daktari mwenyewe alicheka, kicheko kifupi kisicho na ufundi wowote, na juu ya kioo pacha akacheka hivyo hivyo.

Alipojaribu kuhutubia alikauka. Alisoma sentensi tatu kama anasoma tangazo la msiba, akanyamaza. Aliyemwokoa ni bibi wa nyuma aliyepaza sauti kwamba ng'ombe wake amevimba tumbo na hana muda wa siasa. "Upande gani?" daktari akauliza papo hapo. "Kushoto? Umemlisha majani mabichi yenye umande?" Na akaanza kueleza, kisha akatoka kwenye ng'ombe akaingia kwenye maziwa, akatoka kwenye maziwa akaingia kwenye mvuke, na alipofika wodi ya wazazi alikuwa amesahau kamera ipo.

Maswali yakaanza. Mtu akauliza kama barabara yake itawekwa lami. "Miaka hii mitano, hapana," daktari akasema, na mtu yule akanguruma, "Lakini nyumbani ulinikubalia!" "Nilikuitikia kwa kichwa tu nyumbani. Leo nakuambia." Wengine wakazomea, wengine wakapiga makofi, wakaanza kubishana wao kwa wao, na Tusekile, akiwa kando ya spika, alitambua kwamba ni mara ya kwanza tangu azaliwe kuona mji mzima ukitazama video moja na kugombania jambo lile lile.

Mama Kissa alinyoosha mkono. Alipewa kipaza sauti.

"Daktari, huo mvuke wako. Mimi nakaa ng'ambo ya mto. Utafika kwangu?"

Ambakisye, kando ya Tusekile, alinong'ona, "Sema ndiyo. Sema tu ndiyo."

"Hautafika, mama," alisema daktari. "Kuvusha bomba mto ule ni kazi kubwa. Hospitali kwanza, maziwa pili. Ng'ambo labda atavusha meya mwingine."

Mama Kissa alilizungusha jibu hilo mdomoni, kama chai.

"Basi kura yangu nitaifikiria," akasema, na akakaa.

Ambakisye akajishika kichwa. Lakini sasa watu walikuwa wamenogewa. "Mlete na Lwitiko!" wakaanza kuimba. "Mlete na Lwitiko!" Lwitiko alikuwemo, amejificha nyuma ya kofia, alikuja kuona mwenzake anafanya nini. Tusekile alimtazama daktari, daktari akaitikia. Tusekile akamfungua pacha wa Lwitiko kwenye kioo. Nyuso zikapita, zikatafuta, zikakosa, na ukabaki uso wa mwanamume mwenye masikio makubwa na macho ya mtu aliyekosa usingizi. Uwanja ukamshangilia kwa nguvu zote. Akavua kofia, akapanda, na yeye na daktari wakabishana juu ya hoteli na wodi mpaka makande yakaisha, na mara mbili Lwitiko alisema jambo ambalo daktari alilazimika kukubali ni zuri.

* * *

Kura za maoni za daktari zilishuka. Kwa siku zilizobaki hakuna aliyejua nani anaongoza, na Ambakisye alikula machungwa mfululizo bila kuagizia mtu chakula. Kwenye vibanda vya chai, kwenye foleni za kinu, kwenye ngazi za kanisa, watu walisogezeana simu na kumtazama pacha wakiwa wanne, wakiwa kumi, ili waone anavyobaki. Ukawa mchezo. Watoto waliwapigia wapita njia kelele waje waongeze idadi.

Daktari Tupokigwe alishinda. Alishinda kwa kura chache, za kuhesabiwa upya, na zilipokwisha kuhesabiwa upya Lwitiko alikuja mwenyewe kumpa mkono na kumwambia kwamba kwenye baraza atampinga kila Jumatatu. "Njoo mapema," meya mpya alimwambia, "nina ng'ombe wa kuangalia saa tatu." Ambakisye alicheza ngoma barabarani akiwa na shati la maua lililolowa mvua, na ndani ya wiki hiyo hiyo madiwani wa pande zote mbili walianza kuandika sheria ndogo ya kuupiga marufuku mtambo wa ukaribu ndani ya mipaka ya mji.

Jioni ya matokeo Tusekile alipita kwa mama yake. Alikuta nyumba imejaa majirani wanakunywa chai na kubishana kuhusu daraja la bomba, ambalo walikuwa wamekwisha kulichora kwa chaki sakafuni. Mama Kissa alikuwa ameshika chaki. Alisisitiza kwamba meya amekosea vipimo vya mto na kwamba Jumatatu atakwenda barazani kumwambia.

Tusekile alimvuta kando, jikoni.

"Mama, niambie mimi tu. Ulimpigia nani?"

Mama Kissa alimimina chai, akaizungusha mdomoni, akaimeza. Kidole chake bado kilikuwa na wino wa kura. Alimtazama binti yake kwa raha kubwa kabisa.

"Siri yangu, mwanangu," akasema. "Jaribu na mitambo yako uone."